Lakini Aniulize Kwanza

Mdogo wangu ana miaka thelathini na minne. Akili yake huenda polepole, ila hufika. Hilo la kufika nimelijua juzi tu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeomba mahakama inifanye msimamizi wake wa kisheria, niamue kila kitu: akae wapi, atibiwe vipi, na hasa aache ile kazi ya kukunja mashuka hospitalini. Kusimama kutwa nzima, kazi gani hiyo? Yeye aliipenda, lakini nani alimwuliza.

Afisa wa ustawi wa jamii akaja nyumbani kutukagua. Nikamkalisha, nikaanza. "Huyu bila mimi hajiwezi. Anasahau, anachanganya, na jiko ndiyo usiseme."

Nikatafuta miwani nimsomee barua ya daktari. Sebuleni haipo, chumbani haipo. Mdogo wangu akanyoosha mkono, akaitoa kichwani pangu, akanivalisha. Barua nayo sikuiona. Akaleta faili lake: barua, kadi ya kliniki, vitambulisho vyetu wote wawili.

"Leo kabahatisha," nikamwambia afisa.

Ndipo ikaja harufu ya maziwa kuungua. Nilikuwa nimeyabandika mimi. Mdogo wangu alishafika jikoni, kazima.

Afisa akageuza fomu yake. "Samahani, dada. Hapa anayeombewa msimamizi ni nani?"

Nilitaka kukasirika, nikacheka mpaka miwani ikateleza. Kweli nyani haoni kundule.

Akamgeukia mdogo wangu. "Wewe unataka nini?"

Nikafungua mdomo nimjibie, kama miaka yote. Afisa akaniinulia kalamu, tukangoja.

"Nataka kazi yangu," akasema. Akafikiri tena. "Dada anisaidie. Lakini aniulize kwanza."

Ilinichoma. Tangu mama afariki nimempikia, nimemfulia, nimemlilia. Kumwuliza, hata siku moja.

Nikabadilisha ombi. Sasa nimeandikwa msaidizi tu. Sahihi anaweka mwenyewe, na kazini anaenda.

Asubuhi ya kwanza baada ya afisa kuja, nikamwuliza, "Chai au maziwa?"

Akafikiri weee. Nilikuwa nachelewa, nikauma ulimi.

"Chai," akasema. "Na wewe, dada?"

Nikautua mkoba. Miaka yote hiyo, mimi pia hakuna aliyewahi kuniuliza.

Akavuta kiti, akakaa. "Fikiri tu," akaniambia. "Nangoja."