Jiwe la Chafya

Kijiti alipiga chafya tatu mfululizo, na ya tatu ilinipata mimi moyoni.

Alikuwa amefungua kichupa cha unga wa jiwe namba kumi na saba, akakiinamia kuona kimebaki kiasi gani. Unga wa jiwe haupigishi mtu chafya namna ile. Nilisimama mlangoni na ndoo yangu, nikajisemea: mwanamke wee, leo umeumbuka.

Siku hizo nikiitwa Mama Kinu. Nilikuwa na darasa langu la saba, na kazi yangu ilikuwa kusaga mawe katika maabara ya watu waliosoma mpaka nywele zikawakimbia. Mawe yalikuja kwa magunia kutoka kwenye mlima uliowahi kutema moto. Niliyapasua kwa nyundo, nikayasaga katika kinu kidogo cha jiwe gumu la akiki mpaka yakawa laini kama poda ya mtoto. Kila jiwe likitoka, kinu kinasagiwa mchanga safi, kinaoshwa, kinakaushwa. Sheria ilibandikwa ukutani. Niliijua kama jina la mama yangu.

Kijiti, msichana mwembamba aliyekuwa akisomea udaktari wa mawe, ndiye pekee aliyenieleza tunasaga ili iweje.

"Mama, ndani ya jiwe mna atomi ndugu. Jina moja, tabia moja, ila mmoja ana uzito zaidi ya mwenzake. Hizo ndizo isotopu. Sisi tunapima za madini yaitwayo strontiamu."

Huko chini kabisa dunia inakochomoa lava yake, ndugu wazito ni wachache. Huku juu, kwenye ganda kuukuu tunalolikanyaga, wamezaliana. Lava ikipanda moja kwa moja, hesabu yake hubaki ndogo. Ikizubaa njiani ikalamba ganda, hesabu hupanda.

"Kwa hiyo jiwe linaweza kudanganya kwao ni wapi," nikamwambia, "ila damu italisuta."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikampenda tangu hapo.

Imani yake ilikuwa kwamba lava za mlima wake zimetoka kilindini bila kugusa kitu. Mawe kumi na sita yalimuunga mkono. La kumi na saba, la kileleni, alilolitegemea kuliko yote, likamgeuka: sifuri nukta saba sifuri tano moja. Kubwa mno. Profesa wake, ambaye sisi wa mafagio tulimwita Bwana Hapana, aliangalia karatasi akasema jiwe la kileleni likikataa, mlima mzima umekataa. Miaka minne ya mtoto wa watu ikakwama kwenye tarakimu ya tatu baada ya nukta.

Na mimi ndiye niliyeikwamisha.

Wiki chache nyuma, asubuhi moja, ugoro wangu ulikuwa umenikwaruza pua. Majani hayakusagika vizuri nyumbani. Na kinu cha akiki kilikuwa pale mezani, kisafi, kinanitazama. Mara moja haiui, nikasema. Nikamimina ugoro na magadi yake, nikasaga. Jamani! Nimevuta ugoro miaka arobaini, sijaonja mwingine kama ule. Nilikuwa bado nimefumba macho niliposikia viatu vya Bwana Hapana kwenye korido. Nikapangusa kinu kwa pindo la leso, nikatupia jiwe namba kumi na saba, nikaanza kusaga kwa uso wa malaika.

Baada ya chafya zile ningeweza kunyamaza. Kazi ile ndiyo niliyokuwa nayo, nyingine sikuijua. Lakini Kijiti alikuwa ameanza kubandua picha za mlima wake ukutani, moja moja, anazikunja taratibu kama nguo za marehemu. Nikaweka ndoo chini, nikaenda kubisha hodi.

"Jiwe namba kumi na saba lina ugoro, baba."

Bwana Hapana akavua miwani. "Lina nini?"

"Ugoro. Wangu."

"Na magadi?"

"Bila magadi si ugoro, ni takataka."

Akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Unamkingia kifua huyu binti. Naijua mizaha yako. Haya, kipande kimebaki. Utakisaga upya mbele yangu. Namba ikishuka, tutazungumza habari ya ugoro. Isiposhuka, mtafungasha nyote wawili."

Nilipomwambia Kijiti, nilitega shavu nipigwe kofi. Akanishika mabega akanitikisa.

"Mama! Tumbaku huota wapi?"

"Udongoni."

"Na udongo ni nini? Ni ganda! Na jiwe lenyewe lina strontiamu haba, chembe tu za ugoro zinatosha kulitia waa!" Akaanza kurukaruka pale korido kama aliyeng'atwa na siafu, na mimi, mtu mzima na viuno vyangu, nikajikuta naruka naye.

Nilisaga. Niliosha kinu mara tatu, Bwana Hapana amesimama nyuma yangu kama askari wa mahabusu. Siku nne Kijiti aliuyeyusha unga ule kwa asidi na kuuchuja tone kwa tone. Ijumaa mchana tukasimama watatu mbele ya mashine ya kupima atomi. Namba zikaanza kushuka kwenye kioo, mstari baada ya mstari. Mimi hesabu yangu ni ya shule ya msingi, lakini tatu na tano nazitofautisha.

Sifuri nukta saba sifuri tatu nne. Tena tatu nne. Tena.

Kijiti alipiga ukelele, mlinzi wa getini akaja mbio na rungu.

Bwana Hapana alisubiri mstari wa mwisho. "Ndiyo," akasema. Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Kisha akanyoosha mkono: "Lete kopo."

Nikampa kopo langu la ugoro. Hakunirudishia, wala hakunifukuza. Ila kuanzia Jumatatu yake, kila alasiri, chafya zilisikika kutoka ofisini kwake.

Kijiti naye sasa ni profesa, na kitabu chake ninacho. Kwenye shukrani wametajwa wakubwa, mimi simo. Lakini ukurasa wa themanini na mbili, chini ya jedwali, pana maandishi madogo kama mayai ya chawa: *Sampuli ya 17 ilisagwa mara mbili.*

Wajukuu huniona nimeuinamia ukurasa ule, pua inagusa karatasi, wakadhani ni macho tu yamechoka.