Ua la Vibeke

Vibeke alilileta lile ua mwezi wa tisa, likiwa kwenye chungu cha bluu. Majani yake yalikuwa ya zambarau, matatumatatu kwenye kila kikonyo, kama vipepeo waliotua. Kukipambazuka yanafunguka, giza likiingia yanajikunja. Akaliweka dirishani karibu na kiti cha mama yao, akanywa kahawa, akapanda treni kurudi Kopenhagen. Kulimwagilia maji kukamwangukia dada yake, Jytte.

Kila kitu kilimwangukia Jytte. Tangu mumewe amwache, miaka sita sasa, alikuwa amerudi Thisted, mji mdogo wa kaskazini mwa Denmaki, kuishi na mama yao, Magda, bibi wa miaka themanini na tisa. Alimwogesha, akamvalisha soksi, akampikia uji wa shayiri. Vibeke alikuja mara moja kwa mwezi na keki ya dukani, na uso wa Magda ukang'aa wiki nzima.

Sasa na hili ua. Macho ya Magda hayakuiona tena mishale ya saa, na huko kaskazini, wakati wa baridi, hata mchana hufanana na jioni. Kwa hiyo alizoea kuyapapasa majani. Yakiwa wazi alidai uji; yakijikunja alidai gauni la kulalia.

"Vibeke ana akili," alimwambia kila mgeni. "Kanipa saa yenye uhai."

Hata muuguzi aliyekuja kumpima presha alisimuliwa. Jytte, aliyekuwa amepiga magoti akimfunga mama kamba za viatu, hakutajwa. Kwa wivu akazikaza kamba kupita kiasi.

Asubuhi moja ya Desemba, Magda akiwa chooni, Jytte alilibeba ua akalifungia kabatini pamoja na mashuka. Alitaka kunywa chai mara moja tu bila kulisikia jina la Vibeke. Mama alipouliza, alimjibu kwamba amelitoa ili afute vumbi dirishani. Saa tano akalirudisha. Lilikuwa limejikunja lote.

Magda akanyoosha vidole, akapapasa.

"Kumbe usiku umeingia," alisema. "Mbona sijala cha mchana? Au nimekula?"

"Bado asubuhi, Mama."

"Usinidanganye, Jytte, mimi si mtoto." Akayapapasa tena majani. "Akili inaniacha, ee?"

Hapo ndipo Jytte alipopaswa kusema ukweli, lakini akaenda kuleta chakula. Magda akakataa chakula, akavaa gauni lake mwenyewe, vifungo upande, akalala. Alipoamka saa kumi na moja nje kulikuwa giza totoro. Jytte alimkuta ameketi kitandani akilia kimyakimya, akihesabu siku za wiki kwa vidole na kupotea kila akifika Alhamisi.

Akakaa kando yake, akamweleza yote: kabati, mashuka, na sababu.

"Kwa hiyo mimi sijarukwa na akili?"

"Hapana, Mama. Ni mimi."

"Afadhali wewe," alisema Magda, akaomba mkate wenye maini ya kusaga.

Jioni hiyo Jytte alimpigia simu Vibeke, kabla mama hajamweleza. Alitegemea kutukanwa. Vibeke alicheka.

"Unajua kwa nini nililileta?" aliuliza. "Kila nikija, kwa Mama ni Jytte kafanya hivi, Jytte kasema vile. Nikimmiminia kahawa, ananiambia Jytte humimina taratibu. Nilitaka humo ndani kiwepo kitu kimoja cha kwangu."

Jytte alijua angepaswa kumhurumia mdogo wake. Badala yake alisikia raha imemtambaa mwilini, akaona haya kwa raha hiyo. Akamwambia, basi njoo ukae naye wiki nzima, nami nikapumzike kwa rafiki yangu mjini Aalborg.

Vibeke akaja. Siku ya tatu akapiga simu, sauti imechoka.

"Dada, Mama hautaki uji wangu. Anasema wako si hivi. Unautiaje?"

Jytte akamwelekeza bila haraka: shayiri kiasi gani, moto mdogo, usiache kukoroga, maziwa baridi pembeni. Vibeke akaandika yote, akashukuru.

Ile chumvi kidogo anayoitia mwishoni, Jytte hakuitaja.