Msiba wa Lodi

Habari ya kifo cha lodi ilifika mtaani Mirongo siku ya Jumapili, na aliyeileta, kama ilivyo kawaida ya habari zisizo na faida, alikuwa Bashiru. Alipiga hodi simu kaibana kifuani, uso kaukunja tayari.

"Shemeji, mkwe wetu kafiwa."

Bi Shamsa alikuwa amekaa barazani, miguu kaitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi. Jana yake alikuwa Magu kwenye mazishi, na wiki iliyotangulia alikuwa Buswelu kwenye arobaini. Tangu mumewe afariki, kila jambo la ukoo ule lilipita mikononi mwake: harusi, tohara, misiba, ugomvi wa viwanja. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, wanasema, lakini ukoo huu haukujisumbua kumtafuta Mnyamwezi wakati Shamsa yupo.

"Kafiwa na nani?" aliuliza bila kuinua macho.

"Babu yake! Yule lodi anayeingiliana na ukoo wa mfalme wa Uingereza."

Mkwe mwenyewe, tuseme kweli, alikuwa bado hajawa mkwe. Alikuwa kijana wa Kiingereza aitwaye Edmund, mtafiti wa magugumaji ya ziwani, aliyempenda Bushra, binti pekee wa Shamsa, akasilimu, akaitwa Yahaya, na akaleta posa kwa adabu zote. Mkataba wake wa kazi ulikuwa ukingoni. Wakioana, angemchukua mkewe wakaishi kwao. Posa ilikaa miezi bila jibu. Bashiru, baba mdogo wa binti, ndiye aliyekuwa walii wa kumwozesha, naye angejibu siku ileile kama asingekuwa ameapa kwamba mama asiposema neno, yeye hafungui mdomo. Na mama hakusema neno.

Watu walidhani Shamsa anaona uchungu kumtoa mwanawe kwa Mzungu. Wapi! Alikuwa amechoka tu. Kijana alipoulizwa habari za ukoo wake alijibu kwa haya kwamba bibi yake na lodi fulani, mmoja wa wale mamwinyi wa huko, walikuwa watoto wa ndugu wawili, na kwamba lodi huyo kwa upande wa mama anagusana na ukoo wa kifalme. Bashiru alitangaza mtaa mzima. Shamsa alihisi mgongo unamuuma. Ukoo mwingine tena, na wenyewe una watu kama dagaa. Kwa mwaka watakufa wangapi, na nani atakayebebeshwa?

"Bashiru, huyo si babu yake. Ni binamu wa bibi yake."

"Watoto wa ndugu wawili si ndugu hao? Na kaka wa bibi yako utamwitaje kama si babu? Sikiliza shemeji, hatumsomei khitima, maana dini ni nyingine. Tunampa pole mkwe. Undugu ni kufaana."

Bashiru husema hivyo kila mara, na kufaana kwake huishia kwenye kutangaza. Shamsa aliitoa miguu kwenye beseni.

Jumanne alasiri nyumba ilijaa. Mawifi wa Magu walikuja na mchele, wazee wa Sengerema walivuka kwa kivuko cha Kamanga, na jirani yao Parin alileta masufuria yake makubwa na mabirika. Mikeka ikatandikwa mpaka uani. Shamsa alikuwa jikoni tangu alfajiri. Wifi yake mkubwa, Zakia, alianza kulia mapema, machozi yawe tayari mfiwa akifika.

Yahaya aliingia na Bushra. Walikuwa wameambiwa wanaitwa kikaoni, basi. Kabla hajamaliza kusema shikamooni, Zakia alimdaka shingoni.

"Pole, baba! Kazi ya Mungu haina makosa!"

Kijana alipauka. Aliitazama mikeka, akawatazama wanawake wenye khanga vichwani. "Mama yangu?" aliuliza. "Mama yangu amekufa?"

"Hapana, hapana!" Bashiru aliwahi. "Ni babu yako, lodi."

Yahaya alikaa chini, akashika magoti, akashusha pumzi. Kisha, kwa Kiswahili chake cha taratibu, alisema kwamba mzee yule alimwona mara moja tu, kwenye harusi, akiwa mtoto. Hawakuzungumza.

"Na mazishini unakwenda lini?" aliuliza Zakia.

"Siendi, shangazi. Sikualikwa."

"Mazishi yana mwaliko?"

"Yale yana."

Zakia si mtu wa kuumeza ulimi wake. "Na wewe ukifa, baba, atakuja nani?"

Yahaya alifikiri kweli, kama mtu anayejibu mtihani. "Mama. Dada yangu, akipata likizo. Na marafiki wachache."

Hapo ndipo Zakia alipolia machozi ya kweli. Alimvutia mkekani, akamwambia pole mwanangu, na sasa hakuna aliyemkumbuka lodi. Hata wazee wa Sengerema waliinamisha vichwa.

Shamsa alisimama mlangoni na sinia la wali mikononi. Hakuona huruma. Aliona wivu, na wivu wenyewe ulimtia aibu. Mama, dada, marafiki wachache! Kisufuria kimoja, birika moja, na watu wanaondoka mapema. Kwa mara ya kwanza alimpenda kijana yule kwa moyo wake wote. Alitua sinia, akarudi uani, akiwa ameamua kukubali.

Bushra alimfuata, akachutama kwenye masinia machafu na kuanza kuosha.

"Umesikia, mama? Upande wao hautakuchosha."

"Nimesikia."

"Nampenda Yahaya. Ila si hilo tu." Bushra hakumtazama mama yake. "Tangu baba afe nakuona unavyoishi. Huna siku yako hata moja. Mimi siyawezi maisha haya, mama. Nataka niende mahali ambapo hakuna atakayenijua."

Shamsa alikaa kwenye kigoda. Siku zote alijiambia kwamba anabeba kwa muda, Bushra akikua atapokea. Sasa alikuwa na neno moja mdomoni. Akisema hapana, posa inarudi, na mtoto anabaki kwenye masinia haya. Aliitazama mikono ya binti yake, ambayo moto haujaibabua bado. Roho ilimuuma.

"Mwambie baba yako mdogo ajibu posa."

"Umekubali?"

"Nimekubali. Kwenye ukoo wenu huo wa watu wachache, kapumzike."

Bushra alimkumbatia kwa mikono yake yenye povu. Shamsa alimwacha akae hivyo kidogo.

"Ila siku yangu ikifika, uje uniogeshe mwenyewe. Usiwaachie kina Zakia."

"Nitakuja, mama."

Alilisema haraka, vilevile Shamsa alivyozoea kuwaambia watu kwamba hajachoka.