Aliyeazima Sura ya Baba Mkwe

Mwaka 1951, mwezi wa saba, Tabita alikuwa akianika kahawa kwenye majamvi uani kwake Isansa, baba mkwe wake alipotokea upande wa bondeni, akasimama mbele yake.

"Tabita," akasema. "Nimekuja kumchukua mtoto."

Ungo ukamponyoka. Miaka sita tangu aolewe, Mzee Anyelwisye hakuwahi kumwita jina wala kumtazama usoni. Kwao mkamwana na baba mkwe huepukana. Wakikaribiana njiani, mzee hukohoa kwa mbali, naye Tabita huingia majanini akachuchumaa mpaka apite. Leo mzee huyohuyo amemkodolea macho kama kuku aliyeona panzi.

Binti yake Enesi, wa miaka minne, alikuwa tayari anamkimbilia babu. Tabita akamdaka, akamweka nyuma yake, akaokota jembe.

"Baba mkwe wangu yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Siye. Sura umeipata, adabu hukuipata. Umemfanya nini?"

Uso wa yule mgeni ukatulia kama maji mtungini, macho na pua vikafutika. Sauti tu ikabaki ya mzee.

"Hajambo. Yuko msibani Ibaba. Nilimwona njiani nikaazima sura yake, nikidhani mtu akiwa na sura ya babu hanyimwi mtoto."

"Na mwanangu wa nini?"

"Chombo chetu kimeanguka bondeni. Hakiruki bila moyo wake, na moyo huo nausikia ukipiga kwa mtoto huyu. Bila yeye hatufiki kwetu."

Tabita alimjua mwanawe. Hapiti mahali bila kuokota kitu. Akamgeukia.

"Enesi, fumbua mkono."

Kiganjani mlikuwa na kijiwe cheusi, laini, chenye joto kama yai lililotagwa sasa hivi.

"Umekitoa wapi?"

"Mtoni. Ni kayai kangu."

"Si kako. Mpe mwenyewe."

"Sitaki."

"Enesi, nitakuchapa."

Mgeni akakipokea kwa mikono miwili. "Ni hiki tu? Mtoto hahusiki?"

"Hahusiki. Ungeuliza, saa hizi ungekuwa kwenu. Huku watu hupiga hodi."

"Nisamehe, mama."

"Nenda."

Akashuka bondeni. Haukupita muda, kitu cheupe kikapanda juu ya migomba bila kelele, kikawa kama punje ya mtama, kikapotea. Tabita alikitazama mpaka shingo ikamuuma. Ndipo alipoketi palepale juu ya kahawa, akampakata Enesi na kumkagua vidole, masikio na meno, kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Vyote vilikuwepo.

"Mama, unalia?"

"Ninapumua."

"Nataka kayai kangu."

"Utakula la kuku," Tabita akasema, akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akainuka, akaenda kuwasha moto.