Kalenda ya Mwaka Jana

Kila asubuhi binti huyo alianza kazi kwa kufuta vumbi funguo za nyumba za watu. Zilining'inia ukutani katika ofisi ya shangazi yake, dalali wa nyumba, naye alizifuta moja moja bila neno, maana kusema hakukuwa fani yake. Shangazi alimbandika jina la Kimya, likamganda. Alikuwa amefikia ufunguo wa saba simu ilipolia.

"Njoo leo," sauti ya mwanamke ilinong'ona, ikataja mtaa na nyumba. "Njoo kabla mzee hajageuza moyo."

Simu ikakatika. Shangazi akamsukumia fomu.

"Nenda wewe. Yule mwalimu mwenye watoto mapacha anatafuta nyumba upande huohuo, na mwisho wa mwezi anatolewa anakokaa. Unitazamie mambo mawili tu: wanauza kweli, na bei yao ina akili? Usisikilize mdomo, mwanangu. Tazama kuta. Anayeuza kweli ameshatoa picha."

Nyumba ilikuwa ya mwisho mtaani, mgongo wake ukielekea korongo. Mama mwenye nyumba alimfungulia, kisha akausukuma mlango kwa bega mara mbili ndipo ukafunga. Sebuleni kuta zilikuwa tupu, imebaki misumari. Masanduku matatu yalisimama karibu na mlango, yamefungwa kamba. Kimya akatia alama ya kwanza: wanauza kweli.

Mume, seremala mstaafu, penseli bado sikioni, alikuwa ameketi na viatu miguuni. Mkewe pia alivaa viatu, vya kamba, vimekazwa kama vya safari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Kaa. Hapana, si hapo. Hapa, karibu na mlango."

Kimya akauliza bei. Mzee akaitaja, na kalamu ikamponyoka binti wa watu. Ilikuwa bei ya nyumba nne kama ile.

"Kwa bei hiyo utamuuzia nani?" mkewe akauliza. "Malaika?"

"Malaika ana mabawa. Huyo ningempunguzia."

Mkewe hakucheka. Alimgeukia Kimya, akamshika kiganja. Mkono wake ulikuwa baridi. "Andika robo yake, mwanangu. Mimi nitamfanya asaini. Hatuna kingine cha kuanzia maisha."

Robo ilikuwa bei nzuri mno. Kwa robo, mwalimu angelipia kesho na kulaza mapacha wake humo wiki ijayo. Kimya akainamia fomu, ila kalamu haikutembea. Watu waliokwisha kufunga mizigo, halafu wanataja bei ya kufukuza wanunuzi! Shangazi hakumfundisha hilo.

Lori likapita barabarani. Glasi mezani zikagongana, na wale wazee wawili wakasimama papo hapo, macho darini, wameshikana mikono. Lori likaenda zake. Wakakaa, kila mmoja akijifanya hakusimama.

Hapo ndipo Kimya alipoiona kalenda. Ni kitu pekee kilichobaki ukutani, ya mwaka jana, imetundikwa chini usawa wa goti, mahali ambapo hakuna mtu wa kuisoma. Alitamani kuaga, aandike "wanatupotezea muda" na kukimbilia funguo zake. Badala yake miguu ilimpeleka kwenye kalenda, na mkono ukaifunua.

Ufa ulitoka sakafuni, mpana wa kuingiza kidole, ukapanda nyuma ya kabati. Upepo wa korongoni ulimpuliza usoni. Pembeni mwa ufa, kwa penseli, palikuwa na mistari midogo na tarehe. Za kwanza zilipishana miezi. Zilizofuata zilipishana wiki. Alipochungulia juu ya kabati alisoma ya juzi, ya jana, na ya leo.

"Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuuona huu," mzee alisema nyuma yake. "Nimeuziba mara nne."

"Utazibwa na mwenye nyumba mpya," mkewe akasema haraka. "Atakuja kijana, mwenye nguvu. Si lazima ajue leo."

Ndani ya ukuta kitu kikalia, taratibu, kama mti unaokaribia kuanguka. Vumbi likamwagikia fomu. Sauti ikamtoka Kimya, ndogo, ya kwake.

"Baba, anayeitaka ana mapacha. Wana miaka miwili. Nimwambie bei gani?"

Mzee akatoa penseli sikioni, akaitazama, akaiweka mezani. Akachukua sanduku la kwanza, akauvuta mlango kwa nguvu hadi ukafunguka.

"Usimwambie bei yoyote," alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Nilitaja ile bei ili asitokee wa kuinunua. Siuzi, mke wangu. Naogopa kulala humu, na naogopa zaidi kumlaza humu mtoto wa mtu. Tutoke tu, tutoke mikono mitupu."