Mlango Uliotundikwa Hewani

Kwanza ilikuja sauti: bati likipiga tairi, paka-paka-paka, kama mtu anayekimbia na kandambili iliyokatika. Nilikuwa nimelala chali chini ya gari la mteja, sioni kitu ila tumbo la injini, lakini sikuhitaji kuona. Mjini kwetu pikapu moja tu ilitembea kwa mlio ule, nayo ni ya mjomba wangu, kaka wa mama.

"Mjomba!" aliniita, maana sisi huitana hivyo, yeye kwangu na mimi kwake. "Toka huko chini. Nimekuletea kazi ya heshima."

Nikajivuta nje. Alikuwa akishuka upande wa abiria: gongo kwanza, kisha mguu wa kushoto, kisha ule wa kulia unaoishia kwenye kifundo, umefungwa bandeji. Kisukari kilimchukua unyayo mwaka uliopita. Kwenye usukani alikaa jirani yake, dereva wa kukodi tuliyembandika jina la Kesho, kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila ombi.

Nyuma ya pikapu kulikuwa na masanduku matatu ya karatasi ngumu. Ndani yake madigadi ya mbele, lile bati la juu ya gurudumu, mlango, na kizingiti cha chini ya mlango, vyote vya upande wa dereva. Kiwanda kilichoizaa pikapu ile kiliacha kutengeneza bodi zake kabla sijaota ndevu, basi hizi zilikuwa za waigaji. Ubavuni mwa sanduku paliandikwa kwamba zinaingia bila kukatwa. Aliyeandika hayo hajashika spana maishani mwake.

"Kwa nini upande mmoja tu?" nikamuuliza.

Mjomba akangoja Kesho aende kununua vocha, ndipo akasema. "Mkaza mjomba wako aliugonga upande huu getini kwetu. Wewe ulikuwa mdogo."

Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka, kwa sababu nimekisikia kisa hicho katika kila shughuli ya ukoo. Ilikuwa siku yake ya kwanza kuendesha peke yake, leseni bado inanuka wino. Akakata kona kuingia nyumbani, nguzo ya geti ikamkwangua toka taa hadi mlangoni. Majirani wakatoka. Mjomba akacheka mpaka akakaa chini mchangani. Mkewe akashuka, akamwekea ufunguo kiganjani, na miaka kumi na miwili hakushika tena usukani. Lile bonde mjomba hakulinyoosha, alilifanya hadithi. Wageni walionyeshwa.

"Sasa hucheki tena?" nikasema. Mdomo wangu haujui foleni.

"Sicheki." Akautazama mguu wake. "Kidonda kinasafishwa kila Alhamisi hospitali. Mara mbili mwezi huu Kesho hakutokea, bandeji ikagandamana na nyama. Daktari kaniambia nikiendelea hivyo watapanda juu, wakate hapa." Akajigusa chini ya goti. "Na mke wangu leseni anayo. Kila inapokwisha muda anaikata upya, anairudisha mkobani, hasemi neno. Mtu asiyetaka kuendesha hafanyi hivyo, mjomba. Ila kila akipita ubavuni mwa hii pikapu anageuza uso. Nataka kisibaki hata kikunjo kimoja. Aikute kama haijawahi kuguswa."

"Niachie mimi," nikasema. "Hakuna fundi bodi mji huu anayenifikia." Nilisema hivyo, na wakati ule niliamini.

Nikaipandisha juu ya magogo manne, mawili mbele na mawili nyuma, kwa sababu kizingiti kinachomelewa chini na mimi si mtu wa kufanya kazi nimeinama kama muomba radhi. Bolti za zamani zilikuwa zimeota kutu hadi zikawa kitu kimoja na bati. Nikazikata. Chini ya rangi nikakuta pati ya kuzibia mabonde, nene kama ugali wa jana, kumbe mtu alishajaribu kuficha kovu hapo. Nikaing'oa yote.

Kisha yakaanza ya waigaji. Madigadi mpya ilikuwa na mashimo tisa, matano yakakutana na wenzake, manne yakawa yanachungulia pembeni. Nikayapanua kwa tupa ya mviringo, nikaweka washa pana chini ya bolti. Mlango ulikuwa na bawaba zilizokaa juu kuliko inavyotakiwa, nikaongeza vibati chini, nikapunguza, nikaongeza tena. Nafasi kati ya mlango na madigadi nilitaka iwe njiti mbili za kiberiti toka juu hadi chini, si zaidi si pungufu. Na ule mkunjo unaotoka kwenye taa kwenda nyuma ilibidi uvuke ile nafasi bila kuyumba, kama mstari uliochorwa na mkono mmoja.

Siku ya sita mjomba alikuja kuangalia. Ni seremala, ametundika milango ya nusu ya nyumba za mtaa wetu. Akasimama na gongo lake, akatazama mlango, akatazama magogo.

"Mjomba, mimi sijawahi kutundika mlango kwenye nyumba inayoning'inia."

"Mbao ni mbao, bati ni bati," nikamjibu. "Wewe mlango wako ukibana unaukwangua kwa randa. Mimi randa sina, nina macho."

Mpiga rangi wetu, mama mmoja asiyesifu kitu, akasema kutoka kwenye kona yake, "Macho hata mbuzi anayo." Wakacheka wawili. Nikaendelea kukaza bolti.

Njiti mbili, juu mpaka chini. Tukaweka rangi, bluu ile ile ya zamani, koti tatu. Mpiga rangi akazunguka mara mbili na kusema, "Si mbaya," na kwake hiyo ni sherehe.

Jumamosi asubuhi nikaishusha kwenye magurudumu yake, nikaisugua kwa kitambaa mpaka nikajiona usoni. Mlango sikuufungua. Kuujaribu mlango nilioutundika mwenyewe niliona ni kujitilia shaka.

Walifika saa nne kwa teksi, mjomba na mkewe, naye Kesho akaja kwa miguu yake bila kualikwa. Mkaza mjomba alikuwa ameambiwa kwamba anakuja kumshika mumewe mkono tu. Akatusalimia, akaiona pikapu, akaisogelea. Kisha akaweka kiganja kwenye taa, akakipitisha polepole kwenye madigadi, anatafuta. Kiganja kikafika mlangoni bila kukwama popote. Akarudia.

"Liko wapi?" akauliza.

"Nini, Mama?" nikasema mimi.

"Unajua ninachotafuta."

"Limekwenda," alisema mjomba. "Panda."

"Nipande nifanye nini?"

"Ukae tu. Kiti hakina jina la mtu."

Kesho akaguna. "Mzee, mwache mama wa watu. Mwezi ujao tutarudi hapa na masanduku mengine."

Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyomsukuma. Mkaza mjomba akabana midomo, akashika kitasa, akavuta.

Krrraak!

Ukingo wa mlango ulisogea kidogo tu ukauma madigadi. Rangi ikabanduka, kipande cha ukubwa wa ukucha kikaanguka sakafuni, na mahali pake pakang'aa bati tupu. Akaachia kitasa kama kimemuunguza.

"Nimeiharibu," alisema. "Sijapanda hata kupanda, nimeshaiharibu."

Akarudi nyuma hatua tatu, mkoba kauweka kifuani. Kesho akatikisa kichwa. Mpiga rangi akanitazama mimi tu.

Nilijua papo hapo. Nilipokuwa naipima, pikapu ilikuwa imekaa juu ya magogo, chasi yake, uti wa mgongo wa gari, imenyooka kama mtu aliyelala kitandani. Nilipoishusha, injini ikalala mbele kwa uzito wake, na chasi ile ya kizee ikakunja kiuno. Njiti zangu mbili zikawa sifuri. Na nilijua jambo la pili pia: nikinyamaza, kosa limeshapata mwenyewe. Hakuna atakayeniuliza. Mwanamke yule alikuwa tayari amelibeba na angeondoka nalo nyumbani, kama lile la kwanza.

"Ni hizi bodi za kuigiza," nikaanza. Mpiga rangi hakuondoa macho. "Hapana. Siyo bodi. Mama, umefungua mlango kama watu wote wanavyofungua mlango. Mimi ndiye niliyeutundika gari likiwa hewani. Mjomba aliniambia, nikambishia."

Akanitazama kwa huruma, na hiyo ilinichoma kuliko tusi. "Mwanangu, asante. Lakini usijisingizie kwa ajili yangu. Mkono wangu naujua."

"Huujui! Njoo."

Nikachukua jeki. Nikaipandisha pikapu tena kwenye magogo, jasho linanitoka mbele ya watu niliowaambia kwamba hakuna anayenifikia. Nikaufungua mlango: ukapita kimya, haukugusa kitu. Nikaufunga. "Lete kidole chako kidogo, kiweke hapo." Ukucha ukazama kwenye nafasi. Nikazunguka, nikashusha, magogo nikayatoa. "Weka tena." Ukucha haukuingia.

Akajaribu juu, akajaribu chini. Aliniamuru niipandishe mara ya pili. Nikaipandisha. Nikaishusha. Alitaka hakika, na mimi nilikuwa na deni la kumpa hata mara kumi.

"Kwa hiyo ningeufungua mimi, angeufungua Kesho, angeufungua malaika..."

"Ungeuma vilevile."

Kidole bado kilikuwa pale kwenye bati. Alianza kutabasamu, kisha akasita, kwa sababu mumewe alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi na kuinamisha kichwa.

"Umepatwa na nini? Mguu?"

"Geti," alisema mjomba.

"Geti gani?"

"Letu. Lile geti nililipima kwa mkokoteni, kabla hatujanunua pikapu. Ni jembamba. Mimi mwenyewe nimeikwangua nguzo ile mara tatu. Mara ya kwanza kabla yako, wiki moja kabla. Ulikuwa sokoni. Nikaziba kwa pati, nikapaka rangi."

Nikakumbuka ile pati niliyoing'oa, nikajitia kushughulika na spana.

Mkaza mjomba hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. "Ukacheka," alisema. "Majirani wote wako pale, ukakaa chini ukacheka."

"Nilicheka kwa sababu safari ile aliyegonga hakuwa mimi."

"Miaka kumi na miwili! Shughuli ya dada yako ulicheka. Arusi ya binti yetu ulicheka, mkwe anasikiliza!"

"Nilikosa, mke wangu. Sina neno jingine. Nilikosa."

Hata Kesho alipata kitu cha kutazama kwenye viatu vyake. Mkaza mjomba akapumua kwa pua. Halafu akanigeukia mimi, si mumewe.

"Huu mlango unatengenezeka leo?"

"Unatengenezeka sasa hivi. Rangi ya pale itangoja wiki, lakini mlango ni saa moja. Ila nataka gari liwe chini, na nataka mtu akae kwenye kiti cha dereva. Nataka uzito wako, Mama."

"Uzito wangu umeanza lini kukuhusu?"

Mpiga rangi akacheka hadi akashika ukuta, na nikaona mabega ya mkaza mjomba yakishuka. Akazunguka upande wa abiria, akapanda, akajisogeza hadi nyuma ya usukani. Mkoba akauweka pembeni.

Nikalegeza bolti za bawaba. Nikasogeza mlango nyuma, nikaingiza njiti mbili, nikakaza. Nikaufungua, ukagusa chini. Nikalegeza tena. Kila mara nilimwambia atulie, na kila mara aliuliza nimefika wapi, nami nikamweleza, kila bolti na kazi yake, jambo ambalo simfanyii mteja. Alikuwa ameshika usukani bila kujua. Baadaye akawa anajua. Mguu ukatafuta klachi, mkono ukasogeza gia huku na huku, injini imezimwa.

"Ufungue wewe," nikamwambia mwishowe, nikarudi nyuma.

Akaufungua. Ukapita. Akaufunga: tup, sauti nzito ya mlango uliokaa mahali pake.

Kesho akakohoa. "Basi, mzee, Alhamisi nije saa ngapi?"

Mjomba alijiinua kwa gongo, akaja hadi dirishani, akauweka mkono wake kwenye ukingo wa mlango, karibu na ule wa mkewe lakini haukuugusa.

"Ile nguzo nitaing'oa," alisema. "Leo hii nikifika."

"Utaing'oa kwa mguu upi?" Mkewe alimtazama, bado na hasira machoni, na kitu kingine juu ya hasira. Akawasha injini. "Iache hapo hapo ilipo. Alhamisi, saa moja asubuhi uwe umeshavaa. Nitakupitisha katikati ya nguzo hizo hizo, mimi mwenyewe, na hospitali tutafika kabla ya daktari."