Mbonyeo wa Boneti

Fundi wa bodi aligonga boneti kwa ndani, taratibu, kwa nyundo ya mpira. Kufikia jioni imenyooka, puti imekauka, rangi inang'aa. Asubuhi mbonyeo ulikuwa umerudi: kichwa, mabega, mkono mmoja juu, vilevile kama gari lilipomgonga na kumuua binti wa mshonaji akitoka shule. Akanyoosha tena, ukarudi tena. Kazi ni kazi. Lakini alipoona umerefuka, aliweka nyundo chini akaenda kumwita mama mtu.

Mshonaji alikuja na futi shingoni, akapima bega kwa bega.

"Amekua," alisema. "Sare ya zamani isingemwingia."

"Mabinti ndivyo walivyo, dada," alisema fundi, akampisha mwanga.

Tangu hapo mshonaji alipita kila akifunga kazi. Alishona gauni, akalilaza juu ya boneti, akalipunguza kiuno. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini sasa alikuwa na mahali pa kuupeleka. Mwenye gari hakuonekana. Hakimu alikuwa amemnyang'anya leseni kwa ulevi, mara ya tatu sasa, kwa miezi kadhaa kama zile mbili za kwanza.

Miezi ikaisha. Mwenye gari akaja, harufu ya bia ikimtangulia mlangoni.

"Fundi, mbona bado imebonyea?"

"Imegoma, bosi."

"Achana nayo. Kwani inazuia gari kutembea?"

Mshonaji alisimama mbele ya gari, gauni mkononi. "Baba, niachie wiki hii tu. Mikono bado sijaimaliza."

"Pole sana, mama. Ila mimi adhabu yangu nilishamaliza."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa fundi. Aliushika mpaka ukapata joto. Roho ilimuuma, tena sana, lakini gari la mtu ni la mtu. Akautoa.

Keshoye gari lilirudi likivutwa kwa kamba. Kando ya binti palikuwa na mbonyeo mwingine, mdogo, unamfika kiwikoni. Ule mkono wa binti uliokuwa juu ulikuwa umeshuka, umemshika mwenzake.

Mshonaji alivua futi shingoni, akampima yule mdogo kiuno, kisha miguu.

"Huyu ni wa kaptura," alisema. "Kamtafute mama yake, fundi. Mwambie awahi, leseni haichelewi kurudi."